Mgonjwa akiwekwa kwenye mashine, familia ijue nini?

Ifakara neno "mashine" halihitaji maelezo. Ni pale mpunga unapokobolewa, pumba zikirundikana nje na akina mama wakisubiri zamu na magunia yao. Mtoto akitumwa mashine, anaijua njia. Lakini tangu miaka ya korona neno hilo limepata maana ya pili, na hii husemwa kwa sauti ya chini: "Amewekwa kwenye mashine." Anayesikia haulizi mashine gani. Huguna, huinamisha kichwa, na wakati mwingine huanza kupiga hesabu ya nauli ya msibani kabla mgonjwa hajafa.

Hofu hiyo ina gharama. Wahudumu wa afya katika nchi nyingi za Afrika wamekutana na wazazi wanaokataa mtoto kuwekewa hata mipira ya oksijeni puani, kwa hoja kwamba mtoto wa jirani aliwekewa, akafa siku hiyohiyo. Hoja hiyo inageuza mambo. Mtoto huyo aliwekewa oksijeni kwa sababu alikuwa tayari na hali mbaya kuliko wenzake wodini.

Hata hivyo, haitoshi kumwambia mzazi kwamba ana imani potofu na kuishia hapo. Mashine ya kupumulia huokoa maisha, na mashine hiyohiyo inaweza kuumiza mapafu inayoyasaidia. Familia inayojua yote mawili huamua vizuri kuliko inayojua moja tu.

Hofu ilipoanzia

Wengi bado wanakumbuka mwanzoni mwa 2021, pale maneno "changamoto ya upumuaji" yalipozoeleka kwenye taarifa za misiba. Neno korona halikutamkwa kirahisi, na takwimu za wagonjwa zilikuwa hazitolewi tangu mwaka uliotangulia. Nyumba nyingi zilipiga nyungu, zikachemsha tangawizi na malimau, zikasubiri. Mgonjwa aliyefikishwa hospitali baada ya siku kadhaa za kusubiri alifika akiwa amechoka na oksijeni imeshuka. Akifariki siku ya pili baada ya kuwekewa mpira au mrija, waliobaki walikumbuka mrija. Siku nne za nyumbani zilisahaulika.

Kwingine Afrika hali ilipimwa kwa hesabu. Utafiti uliochapishwa Mei 2021 katika jarida la kitabibu la The Lancet ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 wa korona waliolazwa kwenye vyumba vya mahututi katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya, Malawi na Msumbiji zikiwamo. Tanzania haikuwamo. Katika kila wagonjwa 100, 48 walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa karibu 32. Si wote waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, lakini wote walikuwa wagonjwa wa kiwango hicho cha hatari.

Tofauti hiyo ya vifo watafiti waliihusisha na uhaba wa vifaa na huduma, na wagonjwa kufika wakiwa wameshazidiwa au wakiwa na maradhi mengine kama kisukari, figo na VVU. Kwa hiyo hofu ya watu haikuzuka hewani. Lakini takwimu hizohizo zina upande wa pili ambao hausimuliwi: katika wagonjwa 100, 52 walikuwa hai siku ya 30.

Baadaye mwaka huo mambo yalibadilika nchini. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya korona Julai 28, 2021, na mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ukaelekezwa kwenye madarasa, maji na afya, vikiwamo vitanda vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Vifaa vikaongezeka. Maelezo kwa familia hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

Homa nyingi si malaria

Mzazi wa Bonde la Kilombero amelelewa kuijua homa moja kuliko zote. Mtoto akichemka, kitu cha kwanza kutajwa ni malaria, na kwa miongo mingi ilikuwa sahihi. Lakini utafiti uliochapishwa 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine ulichunguza watoto 1,005 wa miezi miwili hadi miaka 10 waliofika kliniki za Dar es Salaam na hapahapa Ifakara wakiwa na homa. Malaria ilikutwa kwa takriban mtoto mmoja katika kila kumi. Saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la maambukizi ya njia ya hewa.

Wengi wa watoto hao hupona wenyewe, kwa maziwa ya mama, maji ya kutosha na dawa ya kushusha homa. Tatizo ni wale wachache ambao kirusi hakiishii puani na kooni. Kinaweza kuwa kirusi cha RSV, kinachowasumbua zaidi watoto wachanga, au cha mafua makali, surua au korona. Kinashuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa vilivyoko ndani kabisa ya mapafu. Hapo ndipo oksijeni huingia kwenye damu.

Mkulima wa mpunga hahitaji picha ya eksirei kuelewa kinachotokea. Shamba lenye majaruba mengi likipata mafuriko, majaruba hayazami yote kwa kiwango kimoja. Mengine yanafunikwa kabisa, mengine yanabaki na maji ya kifundoni, machache yanabaki makavu. Mapafu yaliyoshambuliwa vikali huwa hivyo. Vifuko vingi hujaa majimaji na takataka za vita kati ya kirusi na kinga ya mwili. Mgonjwa anaishi kwa vile vichache vilivyobaki wazi, na kwa sababu ni vichache, anahema kwa kasi ili kufidia. Mtoto mdogo huchoka mapema kuliko mtu mzima.

Mashine ilianza kwa mikono

Namna ya kumsaidia mtu asiyeweza kupumua ina historia ambayo wazazi wangefaidika kuijua. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilikumbwa na mlipuko mkali wa polio. Polio nayo ni virusi. Wagonjwa walipooza misuli ya kupumulia, na katika kila wagonjwa 100 waliofikia hatua hiyo katika hospitali ya Blegdam, zaidi ya 80 walikuwa wakifa.

Agosti 27 mwaka huo daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alimhudumia msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Alipitisha mrija kwenye tundu lililotobolewa shingoni, akaanza kumpulizia hewa kwa kuminya mfuko wa mpira. Msichana aliishi. Mashine za kutosha hazikuwapo, kwa hiyo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipangwa kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko hiyo kwa mikono. Vifo vilishuka hadi takriban 40 kwa kila 100, na baadaye vikashuka zaidi.

Ndivyo vyumba vya wagonjwa mahututi vilivyoanza. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Wagonjwa wa polio walikuwa na mapafu mazima. Kilichoshindwa ni misuli. Mgonjwa wa korona kali, au mtoto mwenye nimonia ya surua, mapafu yenyewe ndiyo yanayoumwa. Kusukuma hewa kwenye mapafu mazima ni jambo moja. Kuisukuma kwenye mapafu yaliyojaa maji ni jambo jingine kabisa, na madhara mengi huanzia hapo.

Pampu na tyubu yenye viraka

Mtu mzima wa afya akipumua, kifua hutanuka na hewa huvutwa ndani yenyewe. Mashine haivuti, inasukuma. Ifakara ni mji wa baiskeli, na kila aliyewahi kujaza upepo tyubu yenye viraka anajua kuna kipimo. Upepo ukiwa kidogo safari haiendi. Ukizidi, kiraka kinaachia.

Hewa inayosukumwa hukimbilia kwenye vifuko vilivyo wazi, kwa sababu vilivyojaa maji havipitiki. Kama kipimo ni cha mapafu mazima, vifuko vichache vizima vinabeba mzigo wa vyote, vinavutwa kupita kiasi na vinaumia. Madaktari walilithibitisha hili mwaka 2000, katika utafiti wa wagonjwa 861 wa Marekani. Nusu yao walipewa pumzi kubwa zilizokuwa za kawaida wakati huo, mililita 12 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu wa mtu. Nusu nyingine walipewa mililita sita. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ndogo ni kama ujazo wa chupa moja ya soda. Vifo vilishuka kutoka karibu 40 hadi 31 kwa kila 100. Dawa mpya haikuhusika; kilichobadilika ni kipimo cha pumzi.

Hata kwa kipimo kizuri, madhara yapo, na ndugu wakiyajua mapema hawatashtuka wakiyaona.

La kwanza ni hewa kuvuja nje ya pafu. Ikikusanyika kifuani hulibana pafu, na daktari hulazimika kupitisha mrija ubavuni kuitoa. Wakati mwingine hewa hutambaa chini ya ngozi, shingo na uso vikavimba, na ukibonyeza unasikia kama chembe zinapasuka. Ndugu anayeona hivyo anaweza kudhani mgonjwa ameharibiwa. Ni dalili ya kuripotiwa haraka, na ina tiba.

La pili ni nimonia juu ya nimonia. Mrija uliopita kooni unaacha mlango wazi, na mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa hawezi kukohoa. Bakteria wa kinywani huteremka, na baada ya siku mbili au zaidi kwenye mashine maambukizi mapya yanaweza kuanza. Kwa waliougua muda mrefu, hata fangasi huweza kuingia. Kinga yake ni kazi za mikono: kuinua kichwa cha kitanda kati ya nyuzi 30 na 45, kusafisha kinywa, kunyonya makohozi, kunawa mikono kila anapoguswa, na kuangalia kila siku kama usingizi wa dawa unaweza kupunguzwa ili mrija utolewe mapema.

Wazazi nao wana sehemu yao katika hili, ingawa huwa hawaambiwi. Bakteria sugu wanaotibiwa kwa shida wodini hulelewa pia na vidonge vinavyonunuliwa duka la dawa kwa kila mafua. Antibiotiki haiui kirusi. Mtoto aliyezoeshwa kuzimeza bila sababu anaweza kubeba mwilini bakteria waliokwisha kuzizoea, na siku akizidiwa kweli, daktari anabaki na dawa chache za kuchagua.

La tatu ni damu kuganda, hasa kwa mgonjwa wa korona anayelala siku nyingi bila kujongea. Donge likisafiri hadi kwenye mapafu, oksijeni inaweza kushuka ghafla wakati kila mtu alidhani hali inatulia. La nne ni makovu. Pafu lililopona vibaya hubaki gumu, na mgonjwa hurudi nyumbani akihema kwa kupanda ngazi chache.

Kulazwa kifudifudi

Kuna jambo moja ambalo limewakwaza ndugu wengi waliochungulia dirishani: kumkuta mgonjwa amelazwa kifudifudi, uso umevimba, amegeuziwa ukutani. Huonekana kama ametelekezwa. Kwa kweli ni moja ya tiba zenye ushahidi mkubwa. Mgonjwa akilala chali, uzito wa moyo na tumbo hukandamiza sehemu ya nyuma ya mapafu. Akigeuzwa, sehemu hiyo hufunguka na kuanza kufanya kazi.

Utafiti uliochapishwa 2013, uliofanywa Ufaransa na Hispania kwa wagonjwa 466, ulionyesha kwamba waliolazwa kifudifudi kwa angalau saa 16 kwa siku walikufa 16 kwa kila 100, dhidi ya 33 kwa waliobaki chali. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Kinachohitajika ni watu wa kutosha wa kumgeuza mgonjwa bila mrija kuchomoka.

Dawa nayo si lazima iwe ya gharama. Juni 2020 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitangaza kuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Kwa hiyo mzazi asiinunue kumpa mtoto anayekohoa. Ni dawa ya hospitali, kwa mgonjwa aliyepimwa.

Wengi hawahitaji mashine, wanahitaji oksijeni

Mazungumzo kuhusu mashine huficha jambo kubwa zaidi. Utafiti mwingine wa The Lancet, uliotoka 2025, uliangalia wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao hawakuwa ICU. Walikuwa wodi za kawaida, kitanda kimoja baada ya kingine na wagonjwa wengine. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Na miongoni mwa wale ambao upumuaji wao ulikuwa umeshindwa, ni karibu nusu tu waliokuwa wamewekewa oksijeni.

Nusu nyingine haikufikia hata swali la mashine. Ilikosa kitu cha kwanza kabisa.

Ndiyo maana kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwamo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, liliandaa orodha ya huduma 40 za msingi ambazo kila hospitali, kubwa au ndogo, inapaswa kuweza kumpa mgonjwa mahututi katika wodi yoyote. Ni mambo ya kawaida: kupima upumuaji na oksijeni, kumweka mgonjwa mkao unaofungua njia ya hewa, kumpa oksijeni, kumwekea dripu, kurudi kumwangalia tena. Taasisi iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi wa kuchunguza magonjwa ya kitropiki imefika mahali pa kuuliza swali jepesi: je, kuna aliyehesabu pumzi za mgonjwa leo?

Swali hilo linaweza kuulizwa nyumbani pia, na nyumbani ndiko muda mwingi unakopotea. Mwaka 2018 bonde lilipata daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, na mgonjwa wa Mahenge au Malinyi hasubiri tena kivuko ili afike Ifakara, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Lakini daraja halisaidii kama mtoto yuko dunguni mbali na kijiji msimu wa kulinda mpunga, mama anasubiri baba arudi aamue, na bibi anashauri nyungu kwanza. Mvuke unaweza kumpa mtu mzima nafuu ya pua iliyoziba. Hauongezi oksijeni kwenye damu, na mtoto mdogo chini ya blanketi na sufuria ya maji ya moto yuko hatua moja tu kutoka kwenye ajali ya kuungua.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji kifaa zaidi ya simu yenye saa. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo ipandishwe, kifua kionekane, na pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, ni 40 au zaidi. Mtoto wa namna hiyo anapaswa kuonwa na mhudumu siku hiyohiyo.

Kuna dalili ambazo hazingoji hata hesabu: sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani kila anapovuta hewa, kukoroma au kuguna anapopumua, midomo kuwa ya bluu au kijivu, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege, na kulegea kiasi cha kutoamshika. Hapo safari inaanza muda huohuo.

Wenye kile kifaa cha kubana kidoleni wanapaswa kujua kuwa oksijeni chini ya asilimia 90 ni dharura. Wajue pia kuwa kifaa hicho kinaweza kuonyesha namba nzuri kuliko hali halisi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, kama utafiti wa Marekani wa Desemba 2020 ulivyoonyesha. Mtoto anayehema kwa shida apelekwe hata kama namba inapendeza.

Kabla ya yote hayo kuna chanjo. Ya nimonia hutolewa katika wiki ya 6, 10 na 14; ya surua na rubela miezi 9 na 18. Dozi ya pili ya surua ndiyo husahaulika kirahisi, kwa sababu mtoto ameshatembea na kadi imeshawekwa kabatini.

Mlangoni mwa ICU

Ikifika siku daktari akasema mgonjwa anahitaji mrija na mashine, familia hukusanyika uwani. Baba mdogo anapiga simu, shangazi analia, mmoja anauliza magunia mangapi ya mpunga yamebaki ghalani na yatauzwa kwa bei gani. Hayo yote ni halali. Lakini maamuzi ya watu wanane kwa wakati mmoja humchelewesha mgonjwa. Ni vema familia imchague mtu mmoja wa kuongea na daktari, kisha yeye awaeleze wengine.

Maswali ya kuuliza ni machache. Kwa nini mashine inahitajika sasa, na oksijeni ya kawaida imeshindwa wapi? Tunatarajia nini ndani ya siku mbili au tatu zijazo? Ni dalili gani itaonyesha anaendelea vizuri, na ipi itaonyesha hapana? Lini mtaangalia kama anaweza kuanza kupumua mwenyewe? Gharama zikoje, na kuna ofisi ya ustawi wa jamii ya kuongea nayo? Si utovu wa adabu kumsalimia sista au daktari vizuri kisha kuuliza hayo. Na kama jibu la daktari ni kwamba mwili umeshachoka na mashine haitamrudisha, familia ina haki ya kuelezwa hilo kwa uwazi, na ya kukaa karibu na mtu wao.

Ndani ya chumba, ndugu wana kazi. Wanawe mikono kabla ya kumgusa. Wasimlishe wala kumnywesha chochote kwa siri, hata maji ya baraka, kwa sababu yanaweza kuteremkia kwenye mapafu. Wamwite kwa jina lake, wamwambie ni siku gani na nani yuko nyumbani. Mgonjwa aliyelazwa usingizi wa dawa huenda akasikia zaidi ya inavyodhaniwa, na akizinduka katika chumba cha milio na taa, sauti ya mama humtuliza.

Akitoka, kazi haijaisha. Misuli iliyolala wiki mbili huyeyuka haraka. Mtu aliyekuwa analima ekari moja anashindwa kushika kikombe. Sauti hukwaruza kwa sababu ya mrija. Ndoto za kutisha na kusahausahau ni kawaida baada ya kuugua kiasi hicho. Hajarogwa na hajarukwa na akili. Anahitaji kula vizuri, kutembeshwa kidogokidogo kila siku, kukaa mbali na moshi wa kuni, na kurudi kliniki kwa tarehe aliyopewa. Pumzi ikianza tena kuwa fupi, asingoje tarehe hiyo.

Wengi wanaopona hawasemi. Msiba hutangazwa msikitini, kanisani na kwenye makundi ya simu, na kijiji kizima hujua marehemu alikuwa kwenye mashine. Aliyetolewa mrija na kurudi nyumbani na basi la jioni, akiwa amekonda na sauti imekwaruza, hupokelewa na watu wa nyumba yake tu. Ndiyo maana idadi ya waliokufa inakua vichwani mwa watu, na ya waliopona haikui. Yeyote katika bonde hili aliyewahi kupumuliwa na mashine akaishi, au aliyelea mtoto wa namna hiyo, ana jambo la kumwambia mzazi wa kitanda cha jirani usiku anapoambiwa mtoto wake awekewe oksijeni na mkono wake unasita kukubali.